Gitaa la Baba Ulilolituma

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini u mzima, na kile kikohozi cha moshi wa kumbi unakopiga muziki kimekuacha. Mimi sijambo kiasi. Mgongo unanilalamikia kwa kuinamia meza ya ufundi kutwa nzima, lakini huo ni ugomvi wetu wa zamani. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu, ingawa hali yake si ya kuandikia barua ya furaha.

Macho yamezima kabisa. Miguu imevimba, na daktari alipomaliza kumpima alinivuta hadi kwenye korido akaniambia tumpe anachokitaka, tusimsumbue tena kwa safari za hospitali. Nikarudi chumbani nikamuuliza baba anataka nini. Akasema anataka gitaa lake la besi, lile ulilochukua ulipoondoka. Ndipo nikakupigia simu, nawe ukasema utalileta mwenyewe. Siku ile baba alikula akamaliza sahani.

Kisha likaja sanduku, limeletwa na mtu wa mizigo.

Sikumpelekea baba gitaa moja kwa moja. Nililiweka mezani kwangu nilitie nyuzi mpya, alikute liko tayari. Unanijua, mkono wangu hautulii nikishika bisibisi. Nikafungua kile kibao cha plastiki kinachofunika mbele. Magitaa ya wakati ule, kiwandani waliyapigilia vimisumari ili yasishike chini rangi ikikauka, na vitundu vyake hubaki chini ya kibao mpaka leo. Hili halikuwa na kitundu hata kimoja. Nikafungua shingo nitafute tarehe iliyoandikwa kwa penseli pale kitakoni, inapoungana na mwili. Hapakuwa na kitu, mbao nyeupe tu. Waya zimevikwa kitambaa, sawa, wanaotengeneza magitaa mapya kwa kufuatisha ya zamani wanajitahidi hapo. Lakini lehemu ilikuwa inang'aa kana kwamba imemwagwa juzi.

Wateja huniletea haya kila mara, kaka. Mtu amenunua jipya, anaapa ni la enzi zile, nami kabla ya kumwambia ukweli humpa kiti. Safari hii kile kiti nilikikalia mwenyewe.

Lililoniuma zaidi ni michubuko. Uliikwangua rangi kwa msasa, ukapaka uchafu, kazi safi ambayo fundi mwingine asingeistukia. Lakini uliichubua juu ya nyuzi, pale unapoegemeza gumba lako wewe. Baba hakupiga hivyo maisha yake yote. Bendi nzima ilimwita Gumba kwa sababu alizichapa nyuzi kwa gumba, vidole vingine vimeshika kile kijiti cha mbao kilicho chini yake. Gitaa lake lilichakaa chini ya nyuzi. Miaka yote hiyo ulikaa mbele yake ukijifunza. Ulikuwa unatazama nini? Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kukupigia simu nikuseme mpaka uchoke.

Sikukupigia. Nilifunga skrubu zote, nikampelekea baba, nikamwambia gitaa lake limefika. Akalipakata. Mkono ukateremka chini ya nyuzi, ukapapasa pale ambapo rangi ilikuwa nzima, ukatulia kidogo. Kisha akapiga taratibu ule wimbo aliokuwa akifungulia dansi, akasema sauti ni ileile, na kwamba nikuambie umelitunza vizuri. Mama akafuta machozi, kafurahi. Nikaona afadhali uongo huo ubaki kati yangu na meza yangu.

Jana nilikuwa namnyoa baba ndevu. Bila kuulizwa akaniambia: “Kaka yako anadhani na vidole vyangu vimepofuka.” Nikauondoa wembe shavuni mwake. Akasema alijua tangu alipolishika. Akasema gitaa hana haja nalo, atalifanyia nini na pumzi hizi zilizobaki. Aliliomba kwa sababu alijua akikuita hivi hivi utasema kazi imekubana, ila gitaa lake usingethubutu kumwachia mtu mwingine alibebe. Alikuwa anakungoja wewe. Lilipofika peke yake, akajua la zamani limepotea na unaona haya kukaa mbele yake. Akanikataza katakata nisikwambie kwamba anajua, maana aibu itakushika na hutakuja kabisa.

Nimemkaidi, Mungu anisamehe. Sitaki kujua lile la zamani liliishia wapi, wala usianze kujieleza. Tangu jana haongei sana, na mlango ukifunguliwa anageuza uso kusikiliza ni hatua za nani. Njoo, kaka. Njoo mikono mitupu.

Mama anasema kitanda chako kimetandikwa. Wasalimie wenzako wa bendi, na uwaombe ruhusa leo hii.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi wa nyumbani