Jina la Printa ya Zamani

Alhamisi, mwezi wa saba, 1997. Baridi. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na nguo nilizoanika jana bado ziko kwenye kamba zimekauka nusu.

Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika. Ziko nyingi. Upande ule mwingine zimejaa alama kama kuku amepita na matope miguuni, lakini huku nyuma ni nyeupe kabisa. Kutupa karatasi nyeupe ni dhambi, hata kama nyumba ina msiba.

Mimi niliishia darasa la tatu. Mwandiko wangu umelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Asiyeweza kuusoma asisome, sikumwita.

Moyo wangu leo ni mzito, lakini si uzito ule wa juzi. Nitaeleza.

Agneta, binti yangu, tulimzika kwa kina mume wake kabla masika haijaisha. Baada ya matanga nilikuja na mumewe hapa mjini, mtaa wa Mbotela, kwa sababu wale watoto wawili wadogo bado wako shule ya msingi, na mkubwa wao, Nanjala, amemaliza kidato cha nne lakini kupika ugali usio na madonge bado kumemshinda. Nyumba hii ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ina chumba kimoja na pazia. Mimi naishi nyuma ya pazia.

Sikai nyuma ya pazia kwa sababu ya uzee. Nakaa kwa sababu ya Wycliffe. Yeye ni mkwe wangu, na kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawapeani mkono, hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima. Anapotoka kazini asubuhi, maana yeye hulinda stoo ya kiwanda usiku, hukohoa mlangoni, nami navuta pazia. Nikiwa na neno, namwambia mtu amwambie. Akiwa na neno, anamwambia mtu aniambie. Ingawa tunasikiana kila kitu. Pazia ni kitambaa tu.

Zamani mtu huyo wa katikati alikuwa Agneta. Sasa ni Nanjala.

Nanjala hucheka desturi hii. Juzi aliniambia, maana kwetu bibi huitwa Kukhu, "Kukhu, lakini si amekusikia tu! Yuko hapo!" Nikamwambia, kusikia ni kwa masikio, kuambiwa ni kwa heshima, na kama hajui tofauti yake basi shule ilikula karo bure.

Sasa hii mashine.

Agneta alikuwa akipiga chapa kwa watu hapa nyumbani. Barua za kazi, programu za harusi, mitihani ya shule. Mashine yake ni kompyuta, inaitwa Mac. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilipowapunguza watu, yeye alichukua mashine badala ya kubaki akilia. Lakini wateja karibu wote huleta diski zilizoandikwa kwa Windows, na Mac haizielewi. Basi Agneta akaiweka hiyo Windows ndani ya Mac. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Unabonyeza kitu, unangoja mpaka chai ipoe, halafu nyumba nyingine inafunguka ndani ya nyumba. Ina rangi zake na milango yake. Agneta aliniambia, "Mama, yule ndani anadhani yuko peke yake duniani. Hajui anaishi kwa mwenzake." Tulicheka sana siku hiyo.

Printa yake ilikuwa ile ya sindano, inayolia kama mtu anayepasua kitambaa. Ilikufa wakati yeye mwenyewe yuko hospitali. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuipeleka kwa fundi.

Mwezi huu mwalimu mkuu wa shule moja ya Komarock alileta diski ya mitihani. Alikuwa mteja wa Agneta wa miaka mingi, akasema atatujaribu mara hii. Anataka nakala safi kesho Ijumaa, wao wenyewe watazizidisha kule shuleni. Na Wycliffe naye alishasema neno lake: mashine isipofanya kazi kufikia Ijumaa, Jumamosi anauza, kisha mimi na Nanjala na wadogo turudi nyumbani, kwa sababu mshahara wa kulinda stoo hauwezi kubeba watu watano mjini. Mnunuzi alishakuja. Mtu wa mtaa wa Shauri Moyo, mwenye tumbo. Aliigonga Mac kichwani kama anayechagua mtungi sokoni. Nilimwona kupitia tundu la pazia, nikamchukia.

Mimi kurudi nyumbani si kitu. Huko ndiko kwangu. Lakini Nanjala ana vidole vya mama yake. Akipiga chapa nasikia mvua ile ile ya vidole niliyoisikia kwa Agneta. Nyumbani atapigia nani chapa? Ataolewa na mwendesha baiskeli kabla ya Krismasi.

Wycliffe aliazima printa kwa mwanamke aliyefanya kazi na Agneta. Ni ya wino, haina kelele. Ukiandika kitu upande wa Mac wenyewe, inatoa karatasi safi kama shuka la hospitali. Lakini mitihani iko upande wa Windows, na ukitoa kutoka kule, inatema nyayo za kuku. Ukurasa mmoja, nyayo. Wa pili, nyayo. Wa tatu, mstari mmoja juu halafu karatasi inatoka tupu.

Kumbe ndani ya Windows kuna kitu wanakiita draiva. Nilivyoelewa mimi, ni kama mshenga. Windows haijui kusema na printa, inampa mshenga maneno, mshenga anayafikisha. Kila printa ina mshenga wake kwa jina. Wycliffe hutumia Windows kule stoo, akasema hilo ni jambo dogo. Jumatatu kitu cha kwanza alichofanya ni kufuta jina la ile printa ya sindano.

Nilimsikia akimwambia Nanjala, "Hii ilishakufa. Ya nini kuweka jina la marehemu kwenye orodha?"

Nanjala akasema, "Baba, lakini mama hakuwa anaitoa hiyo."

"Mama yako alikuwa na printa ya sindano. Hii ni ya sindano?"

"Hapana."

"Basi."

Tangu hapo amejaribu kila jina lililomo. Jina la printa ya wino iliyo mezani halimo kwenye orodha ya Windows, kwa hiyo alitafuta majina yanayofanana nalo. Amepewa diski na mtu wa kazini, amepewa nyingine na jirani, ameingiza, ametoa, amezima, amewasha. Amekosa usingizi wa mchana siku zote hizo, na mtu wa zamu ya usiku asipolala mchana ni hatari kwake na kwa stoo. Nilitaka kumgombeza. Mtu hagombezi mkwe. Nikamgombeza Nanjala badala yake, kwa sauti, ili neno limfikie baba yake.

Leo baada ya chakula cha mchana Wycliffe aliketi tena. Nyayo za kuku. Halafu nikasikia kitu ambacho sijawahi kusikia kwa mwanamume huyu, akivuta pumzi kama mtoto aliyemaliza kulia. Akasema, "Funika hiyo kitu. Jumamosi iende."

Nanjala akasema polepole, "Baba, wacha nikwambie tu kitu kimoja. Mama akiazima printa nyingine..."

"Nanjala! Wewe umesomea wapi kompyuta? Mimi natumia hii kitu kila siku ya Mungu."

Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Nikasikia mtoto anapiga hatua, pazia likafunguka kidogo, uso wake ukaingia. Macho mekundu. Akaniangalia, hakusema lolote. Akarudisha pazia. Kisha nikamsikia akisema kule nje, wazi kabisa, kwa ile sauti ya kufikisha ujumbe:

"Baba, Kukhu anasema jina la ile printa ya zamani lirudishwe."

Maharagwe yalinitoka mkononi.

Mimi sikusema neno. Mimi! Mtu anayejua draiva tangu Jumatatu! Mtoto amechukua mdomo wangu akauvaa kama kanga iliyoachwa kwenye kamba. Nilitaka kutoka pale nimwonyeshe. Uongo siupendi. Watoto wangu wote nimewachapa kwa ajili ya uongo, na Agneta alichapwa zaidi kwa sababu alikuwa na akili zaidi.

Wycliffe akasema, "Muulize mama kama kweli amesema hivyo."

Pazia likafunguka tena. Safari hii Nanjala hakuwa na uso wa ujeuri. Alininong'oneza, "Kukhu, usiniangushe. Tafadhali."

Unajua, mtu hukataa la baba, hukataa la ndugu, lakini neno la mama mkwe halikataliwi. Likikataliwa, nyumba inapasuka. Mtoto alijua hilo. Hucheka desturi yetu kila siku, na leo ameishika mpini kuliko mimi.

Nilifikiria lile tumbo la Shauri Moyo. Nilifikiria mvua ya vidole.

Nikasema, kwa sauti ya kupita pazia, "Mwambie nimesema. Mwambie kwetu jina la marehemu halitupwi, hupewa mtoto akaendelea nalo. Na asiniulize mara ya pili."

Nanjala akageuka. "Anasema amesema."

"Nimesikia," Wycliffe akasema, halafu akajirekebisha haraka, "Haya. Mwambie nimepokea."

Wakaanza. Mashine ikadai diski ya Windows yenyewe, Nanjala akaitafuta kwenye kopo la mama yake la biskuti. Ikadai nyingine. Nilihesabu maharagwe yale yale mara nyingi. Nikamsikia Nanjala akieleza taratibu, na safari hii baba yake akimwacha aeleze. Kwamba yule wa ndani hajui kuna printa gani mezani na hana haja ya kujua. Amezoea ile ya sindano, basi aachiwe ile ya sindano. Anasema naye, lakini anayepokea maneno ni Mac, mwenye nyumba, naye anayageuza na kuyapeleka kwa printa iliyopo. Mama akiazima printa yoyote, alibadilisha upande wa Mac peke yake. Huku ndani hakugusa.

Wycliffe akauliza, "Kwa hivyo inadhani ile nyingine bado iko?"

"Eeh. Inadhani iko."

Akarudia, "Inadhani iko."

Kisha printa ya wino ikaanza kunong'ona. Nanjala akapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Pazia likanyanyuliwa chini na mkono ukaniletea karatasi. Hesabu, Darasa la Nne. Maswali yamepangwa, mistari imenyooka. Sikuelewa maswali yenyewe. Nililia juu ya hesabu za darasa la nne kama mjinga.

Hapo ningemaliza kuandika. Lakini kuna jambo.

Kabla hajaenda kujinyoosha kidogo kitandani, Wycliffe alisimama karibu na pazia. Niliona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Akasema, "Nanjala, mwambie mama asante. Mwambie yule mtu wa Shauri Moyo nitampitia kabla ya zamu, asije. Na umwambie sijashangaa. Wakati ule nilitaka kuacha kazi, ni yeye alituma neno kupitia mama yako, kwamba mimi ni mwanamume mvumilivu na nisijidharau. Neno hilo lilinishika. Na wakati nyumbani kwetu walitaka nioe mwingine, akatuma neno kwamba anaomba Mungu kwa ajili yangu kila asubuhi. Mwambie neno lake halijawahi kunipoteza."

Nanjala alikuja kuniambia. Alianza, akaishia katikati, akaniangalia.

Kwa sababu mimi sikuwahi kusema maneno hayo.

Hata moja. Nilichokuwa namtumia Wycliffe miaka yote ni kwamba paa la choo huko nyumbani linavuja, na kwamba mwanamume asiye na ng'ombe asinune. Hayo ndiyo niliyompa Agneta mkononi. Alichofikisha ni kingine kabisa. Na mimi pia nilikuwa naletewa maneno. "Mama, Wycliffe anasema hakuna mboga kama zako." "Mama, Wycliffe anaulizia goti lako." Nilikuwa nasema ndani ya moyo wangu, angalau huyu ana adabu.

Sasa sijui ni yapi yalikuwa yake na yapi ya Agneta. Na sitamuuliza.

Nimekaa na jambo hili jioni yote. Ningepaswa kukasirika. Nilimchapa yule msichana ili asiseme uongo, naye akajenga nyumba yake juu ya uongo huo, na nyumba ikasimama. Mimi nilikuwa naishi ndani yake bila kujua, kama ile Windows.

Wycliffe ameondoka kwenda kazini. Nanjala amefunika mashine kwa kile kitambaa cheupe ambacho mama yake alikifuma kwa uzi. Pembe moja ameikosea, imekaa upande. Nimemwacha.

Kesho asubuhi atakohoa mlangoni. Nitavuta pazia, maana desturi ni desturi. Lakini kabla sijalivuta, nitamwambia Nanjala amwambie baba yake kwamba chai iko mezani, ina maziwa ya kutosha, na kwamba mtu aliyekosa usingizi siku zote hizi kwa ajili ya mashine ya mke wake ni mwanamume mvumilivu.

Na amwambie safari hii ni mimi nimesema.