Kiingereza cha Samaki Wakavu

Papa mpendwa,

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya darasa lililojaa wazazi, nikatoa siri yako. Nakuandikia mapema kabla hujaisikia kwa wengine huko uliko. Marehemu wa mtaa wetu walipenda habari walipokuwa hai, na sidhani kama wamebadilika.

Ni ile siri ya Kipushi. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na malaria, ukanichukua mimi twende mpakani kununua unga. Wewe, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, ulivaa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Mama mmoja wa upande wa Zambia akakuuliza kwa Kiingereza jambo dogo tu: unataka magunia mangapi? Ukanyamaza. Akarudia. Jasho likakutoka. Kisha ukachomoa kalamu, ukachana karatasi, ukamwandikia sentensi safi, kila nukta mahali pake. Akaigeuza huku na huku, akacheka, akaita wenzake. Hakujua kusoma.

Tulinunua kwa kuonyesha vidole. Ndani ya gari, tulipokaribia mji, ukaniambia: "Kingereza yangu iko mu mukono, haiko mu kinywa. Usiambie muntu." Sikumwambia mtu. Hata Mama sikumwambia, hata siku tulipokuzika.

Sasa na mimi nafundisha Kiingereza, watoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Nilianza kama wewe: Jumatatu maneno hamsini ubaoni, meza, dirisha, kijiko, askari, na Ijumaa kukariri. Walikariri vizuri ajabu. Lakini ukimwuliza mtoto kwa Kiingereza anataka nini, kimya. Kimya kile nilikuwa nimeshakutana nacho, Papa. Kilinitia hofu.

Basi nikabadilisha. Nikaamua tushike mada moja wiki tatu, na kila kitu kitoke humo: maneno, hesabu, picha, mazungumzo. Mada ya kwanza niliitoa kwenye kitabu cha wageni, theluji na makoti. Kosa langu hilo. Watoto wa Lubumbashi wanaijua baridi ya Juni, lakini theluji waliichora kama unga wa mahindi uliomwagika, na wasichana wawili wakachora na mama anayewagombeza. Hakuna aliyekuwa na la kusema juu ya theluji.

Nikaenda kwa Mama. Unajua bado anauza samaki wakavu wa Pweto, na bado anauliza kama nimekula kabla hata sijaketi. Alinipa kikapu kizima. Tukachora ziwa Mweru wanakovuliwa na barabara yote mpaka kwenye sahani. Tukapima, tukahesabu, tukaonja chumvi, darasa likanuka hadi mwalimu wa jirani akafunga madirisha yake. Wiki ya pili, msichana mmoja mdogo alinikatalia bei kwa Kiingereza, ameshika kiuno, umoja na wingi amevichanganya bila aibu. Nilifurahi mpaka nikatoka nje kidogo nijifute macho.

Taabu ikawa madaftari. Unazijua desturi zetu: Jumapili baada ya misa mzazi anakaa, analowesha kidole, anahesabu kurasa za mtoto. Kurasa nyingi, mtoto amesoma. Za kwangu zilikuwa tatu kwa mwezi mzima. Malalamiko yakafika kwa direkta, mkuu wetu wa shule, naye akaita wazazi wote Jumamosi. Aliniambia wazi kwamba orodha za maneno zirudi, la sivyo darasa atapewa mwingine.

Baba mmoja alisimama na daftari mkononi. "Madame, cahier ya mutoto wangu njo hii. Mwezi muzima, page tatu! Banasoma ao banacheza?"

Kisha direkta mwenyewe, ambaye ulimfundisha akiwa kijana. "Madame, papa yako njo alinifundisha. Maneno makumi tano kila lundi. Je, tulikufa?"

Wazazi wakapiga makofi. Wewe, Papa, uliletwa pale kunipinga mimi! Ningeweza kuwaita watoto wauze samaki, lakini wangesema ni mchezo uleule. Kwa hiyo niliwasimulia Kipushi. Yote, na jasho pia. Nikawaambia baba yangu alikijua Kiingereza kuliko mtu yeyote chumbani mle, na alishindwa kuomba gunia la unga kwa mdomo.

Hakuna aliyecheka. "Na mi vilevile," akasema direkta. "Bakitutuma ku Luano, ku kiwanja ya ndege, mugeni akishuka mu avion, mi najificha nyuma ya benzangu."

Ameniachia darasa mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti moja: kila siku ukurasa mmoja uandikwe. Nimekubali. Kuandika napenda, nimerithi kwako.

Sikuombi msamaha, Papa. Ulikosea njia, nami nakupenda, na yote mawili nayasema bila kutetemeka. Watoto hawa wataongea. Kilichoniuma ni Mama. Nilikimbia kwake mchana uleule, habari isije ikamfikia kwa jirani, nikamwambia kila kitu. Aliendelea kuchambua samaki, wakubwa huku, wadogo kule.

"Unazani sikujua?" akasema. "Sababu gani nilikuwa naenda naye ku Kipushi kila mara? Ile siku moja tu nilikuwa mugonjwa. Ingine yote, mi njo nilikuwa nasema na bale bantu."

Ndipo nikakumbuka jioni zetu, Mama akiingia kutoka sokoni na Kiingereza chake cha kuuzia samaki, nawe ukimsimamisha kwa kila neno, umsahihishe, naye akirudia polepole kama mwanafunzi. Nikamwuliza kwa nini alikubali miaka yote ile, yeye aliyekuwa ameshauza nacho kikapu kizima siku hiyohiyo.

"Alikuwa anafurahi sana wakati ananikorije," akasema. "Ningemunyima namna gani?"

Pumzika, Papa. Ulipendwa kuliko ulivyojua.

Binti yako,
mwalimu wa mwaka wa tatu