Kovu la Baba Mdogo

Shoga, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Mama mdogo amekuja karakana kuona sura ya marehemu mumewe, ile sanamu ya kaburini ninayoichonga kwenye kompyuta.

Unajua hii programu ilivyonitesa. Mimi mtu wa udongo, mikono yangu inajua shavu linaanzia wapi. Humu ndani nikigusa pua, sikio linavimba. Nimeitukana mpaka nimechoka.

Jana nikagundua kitufe kimoja. Ukikiwasha, unachonga upande mmoja wa uso na wa pili unajichonga wenyewe, kama kwenye kioo. Nikajiona fundi.

Mama mdogo akatazama skrini. Akatazama tena.

Akasema, "Mume wangu alikatwa panga shavu moja. La pili kamkata nani?"

La pili, shoga. Makovu mawili. Na mimi ndiye niliyemfunga bandeji siku ile.

Hakunifokea. Bora angenifokea. Alivuta kiti akakaa. "Lifute, nikiona."

Nikazima kile kitufe. Nikafuta kovu, nikashusha jicho la kushoto kidogo, mdomo nikaupinda vile alivyokuwa akituchekea. Kwa mara ya kwanza mashine ikanitii kama udongo.

Akanidaka mkono. "Acha hapo hapo. Usimguse tena."

Tukakaa tunamtazama. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Ukizima hiki kitu, anabaki gizani?"

Nimefunga karakana, kompyuta nimeiacha inawaka.