Shikamoo Isiyojibiwa

Jumamosi, baada ya isha

Sijacheka hivi siku nyingi, na wa kumshukuru ni mgambo.

Uzio wa uwanja mpya wa mpira hapa Zinga umefunga njia yetu ya makaburini. Leo, siku ya uzinduzi, wanawake walijipanga barabarani na mabango, mama yangu akiwemo. Mgeni rasmi, kijana tu, akapita akiwaamkia mmoja mmoja: "Shikamoo mama." Hakuna aliyeitikia. Nimezaliwa hapa, sijawahi kuona shikamoo ikikosa jibu. Nikapiga picha kwa simu: yeye ameinama, mama amefumba mdomo, bango halimo.

Mgambo akanifutisha picha zote za mabango. Hilo limeniuma, zilikuwa nzuri. Hiyo moja akaisifu. "Hii ina heshima. Itume ofisi ya kata."

Nimeituma, na wameshaibandika kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Zinga nzima inajua kilichotokea pale.

Naogopa kidogo. Jumatatu wanaweza kuniita. Waniite tu, picha wamechagua wenyewe.

Nilipoingia nyumbani nikamwamkia mama.

"Marahaba," akasema, kama mtu aliyekuwa ameibana kifuani tangu asubuhi.