Sauti ya Jamaa wa Porini

Nachingwea,
4 Novemba 2023

Kwa Baba,

Asalaam aleikum. Shikamoo baba. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na goti halikusumbui sana msimu huu wa korosho. Mimi afya ninayo.

Siku ile nilipofika makaburini nikakuta mama ameshazikwa, ulisema mbele ya watu kwamba wallahi sauti yangu hutaisikiliza tena mpaka ufe. Nimeheshimu. Sijapiga simu hata mara moja, wala sijaja. Arobaini ya mama niliisoma huku chumbani, peke yangu, juu ya mkeka ule alionisukia. Lakini nimefikiri sana, nikaona karatasi haina sauti. Kwa hiyo naandika. Gabrieli wa bodaboda ana safari za Nambilanje, amesema atakupa mkononi.

Nani anakusaidia kuokota korosho? Mlikuwa mnaokota wawili na mama, yeye anaimba na wewe unamwambia aache kelele. Mimi nipo palepale nyuma ya soko, kwenye chumba cha kutafsiria filamu. Kazi inaendelea, ila siipendi kama zamani.

Mwanao,
Faridi


Nachingwea,
20 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Hujambo na mvua? Gabrieli anasema barua ya kwanza uliipokea ukaitia mfukoni bila kuifungua. Basi na hii itie mfuko huohuo, zikae mbili.

Paa la jikoni lilikuwa linavuja upande wa mafiga, mama alikuwa akitega sufuria. Sijui sasa nani anatega.

Mwanao,
Faridi


Nambilanje,
9 Januari 2024

Faridi,

Barua zote mbili zimefika. Nimezisoma.

Sufuria natega mwenyewe. Korosho niliokota mwenyewe, zimekwisha. Goti ni goti.

Mwambie Gabrieli asipige honi uani kwangu, anatisha kuku. Akija apige hodi kama watu.

Kiapo ni kiapo. Kuandika sijakukataza.

Awadhi


Nachingwea,
2 Machi 2024

Baba,

Asalaam aleikum, shikamoo. Vipi hali ya huko, na wewe mwenyewe unakula vizuri? Jibu lako nimelisoma mpaka karatasi imelegea mikunjo. Umesaini jina, kama unamwandikia karani wa ushirika. Sawa, nimelipokea hivyohivyo.

Ramadhani imekaribia, sitaki kuingia mwezi ule na neno kifuani. Hujawahi kuniuliza siku ile nilikuwa wapi, basi nakueleza bila kuulizwa.

Nilikuwa natafsiri filamu, nawasemea watu wote wa ndani kwa sauti yangu. Inahusu mzungu aliyelelewa na sokwe msituni tangu mchanga. Zamani jamaa wa namna hiyo alivaa ngozi, akapiga mayowe juu ya miti, basi, watu wanaridhika. Siku hizi kila filamu inataka upelelezi. Kwa hiyo huyu serikali ya kwao inamfuata, inamvalisha suti, inampa saa ya mkononi ambayo ni simu, ni kamera na ni bunduki, kisha inamrudisha porini kwa helikopta akamkamate tajiri anayechimba almasi kwa siri. Kuna na mwanamke mpelelezi anayebadilisha jina kila dakika kumi. Jamaa nilimwita Chande, ili watu wetu wamwone wa kwetu.

Maikrofoni yetu ni moja, na tukirekodi tunazima simu zote, maana mlio mmoja unaharibu kazi ya saa nzima. Yangu niliizima saa mbili asubuhi. Nilipoiwasha saa nane mchana nikakuta ulinitafuta mara kumi na tisa. Nilikimbia, baba. Basi mpaka Ruangwa, bodaboda mpaka nyumbani, na mlikuwa mmeshamaliza. Najua ulichelewesha maziko kutoka adhuhuri mpaka alasiri kwa ajili yangu, watu wakakunung'unikia. Jirani yako Hadija aliniambia. Naomba radhi. Radhi haiombwi kwa karatasi, ila kwa sasa sina kingine.

Filamu ilikuwa imefika nusu. Nilirudi nikaimalizia wiki iliyofuata, kwa sababu mwenye chumba alikuwa ameshawaahidi watu. Sijaitazama tena.

Ramadhani njema, baba. Sijui utafuturu na nani.

Mwanao,
Faridi


Nambilanje,
27 Juni 2024

Mwanangu Faridi,

Wa aleikum salaam. Marahaba. Najua nimekuweka muda mrefu. Idi imepita salama, nyama aliniletea Hadija. Mimi mzima, goti ni lilelile. Ufuta nimeshaukata, unakauka.

Nina jambo na sijui lianzie wapi, basi naanzia dukani kwa Silvanus. Amenunua televisheni na sola, anaonyesha filamu mchana, watu wanakaa juu ya magunia. Mimi si mtu wa filamu, unanijua. Jumamosi nilikwenda kununua chumvi. Nilipokuwa nangoja anipimie, nikasikia sauti yako.

Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa, maana mtu ukikaa peke yako unasikia mengi. Kumbe ndiyo ile ya Chande. Nikatafuta gunia nikakaa.

Filamu yenyewe ya kipuuzi, niache niseme. Mtu wa porini gani anavaa tai? Anamrukia tembo mgongoni na suti yake, na tembo anakwenda anakoambiwa na saa. Aje Kilimarondo awaulize wenye mashamba kama tembo anasikiliza saa. Na yule mwanamke wa majina, mpaka mwisho sijajua alikuwa upande gani. Lakini wewe ulikuwa unachekesha. Mzungu mzima unamfanya analalamika kama mkulima wa Mkotokuyana aliyeliwa mihogo na ngedere. Watu walijishika mbavu. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka nimegeukia ukutani nisionekane.

Kisha Chande akavuka mto, na sauti yako ikawa nyingine. Wengine hawakugundua. Mimi nimekulea, naijua sauti yako ikiwa imetoka kulia. Nikajua hapo ndipo uliporudi kazini baada ya mimi kukufukuza. Chande akafika pangoni akakuta yule sokwe aliyemlea amekufa, wenzake wameshamfunika majani. Akapiga magoti na suti yake. Ukamfanya aseme, "Mama, simu ilikuwa imezimwa."

Duka zima likacheka. Sokwe anaelezwa habari ya simu! Mimi sikucheka. Nilitoka nikaenda nyuma ya duka nikasimama huko na chumvi yangu mpaka macho yakakauka, halafu nikarudi ndani kutazama mwisho.

Barua yako ya Machi niliisoma nikasema huyu anajitetea. Ndiyo maana sikujibu. Sasa nimekuamini, kwa sababu pale hukuwa ukiniambia mimi.

Nikaenda kwa Ustadhi Fahadi nikamweleza habari ya kiapo. Akasema ulisikia bila kukusudia, huna kosa, nenda zako. Nikamwambia, "Dakika ya kwanza sikukusudia. Saa nzima iliyobaki nilikusudia." Akanitazama, akasema basi hiyo ina kafara, lisha maskini kumi. Nikamuuliza hao kumi nitawalisha nini, na hapa kijijini mwaka huu nani kanizidi umaskini. Akacheka, akasema kama huna, funga siku tatu. Nimefunga Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nimefuturu uji, peke yangu, nikimkumbuka mama yako kila nilipokoroga, maana wangu una madonge. Kiapo kimekwisha.

Siku ya Saba Saba, baada ya swala ya alasiri, nitapanda kwenye kichuguu nyuma ya ghala. Ndipo mtandao unaposhika. Piga.

Baba yako


Nambilanje,
9 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, na wewe nilisikia kwa masikio yangu kwamba u mzima, kwa hiyo hapo sina la kuuliza.

Nilipanda kichuguu tangu saa nane nisije nikachelewa. Ukasema, "Shikamoo baba." Nikasema marahaba. Baada ya hapo wewe kimya, mimi kimya. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga njia nzima ya shambani, yakapotea yote. Usidhani ni hasira. Nyumba ikikaa na mtu mmoja miezi tisa ulimi unakuwa mzito. Kuna siku neno langu la kwanza nalisema jioni, tena namwambia kuku. Nilikuwa nakusikia unapumua, nikasema moyoni basi hata hivi inatosha. Halafu simu ikazima. Usijilaumu, ni yangu ndiyo iliyoisha chaji.

Nilibaki pale juu mpaka jua likashuka. Nilijua simu imezima, lakini nilibaki.

Kuna jambo sijaliandika kwenye barua yoyote. Siku ile sikukuachia hata utie udongo. Ulikuwa umeshauchota, umeushika mkononi, mimi nikakwambia ondoka. Ukaondoka nao. Tangu hapo kila Ijumaa nakwenda kupalilia kaburi la mama yako. Upande wa kichwani nang'oa nyasi zote, ni pasafi. Upande wa miguuni sijaugusa hata siku moja. Hadija akiniuliza mbona unapalilia nusu, namwambia ni goti, siwezi kuinama zaidi. Si goti, mwanangu. Ni sehemu yako, nimekuachia, na nyasi sasa zimefika kiunoni.

Barua hii usiijibu. Nimemwambia Gabrieli akishakupa asiondoke, akungoje mlangoni. Akikuleta apige honi tu, kuku watazoea. Jembe dogo la mama yako lipo nyuma ya mlango.

Baba yako,
Awadhi