Kushuka Shinyanga

Alhamisi, 13 Juni 2024

Tumeshuka Shinyanga. Davis hakutaka! Njia nzima ananung'unika: tuunganishe basi hadi Geita kazini kwake, halafu Chato akanitambulishe kwa wazazi. Ndoa Agosti. Nikamwambia mwalimu wa historia hapiti mji wa kale dirishani. Siku mbili tu.

Jioni tumezunguka mtaa wa zamani, karibu na stesheni ya reli. Maduka ya Wahindi wa enzi hizo — nguzo nene, milango ya mbao ya kukunja, mwaka umechongwa juu ukutani. Nimepiga picha mpaka chaji imeisha. Davis kofia mpaka kwenye nyusi, na jua limeshazama! Anasema mji huu haujui, huwa anapita tu. Lakini nilipotaka chai alikata uchochoro moja kwa moja hadi mgahawani. Hakuuliza mtu.

Ijumaa, 14 Juni

Sijui niandikeje.

Asubuhi, barazani, fundi cherehani mmoja mzee, wanamwita Jilala, aliacha kushona akamtazama Davis, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Baba Juliana! Umerudi lini?"

Davis kama hakusikia. Akanivuta mkono. Juliana ni nani? Kanifananisha, anasema, wazee macho hayaoni. Hayaoni — na alikuwa anatunga uzi kwenye sindano!

Mchana kaaga, anapeleka simu kwa fundi, kioo kina ufa. Karudi jioni. Ufa ule ule. Ananukia sabuni, si ya gesti. Kwenye chakula akanitolea miiba ya samaki, mmoja mmoja. Mapenzi yamezidi leo. Anataka tuondoke kesho alfajiri. Nimesema tumbo linauma. Haliumi.

Jumamosi, 15 Juni

Yeye bafuni, mimi nje. Nimekwenda peke yangu hadi kwa fundi Jilala. Shikamoo, marahaba. Kabla sijauliza kitu, akageukia duka la vitenge mlango wa pili: "Mama Juliana! Mgeni wako huyu hapa!"

Akatoka mwanamke, mikono wazi. "Wifi! Wifi yangu Dorah!"

Akanikumbatia. Mimi kama gogo. Baba Juliana alifika jana, anasema, kamweleza yuko safarini na dada yake, dada hajisikii, asisumbuliwe. "Nikamwambia, dada gani apite bila kuniona? Tangu anioe, hata mmoja wa kwenu hajanifikia!"

Jina langu kampa. Dada yake. Mimi.

Ningesema pale pale. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini alishanivuta ndani, nyuma ya duka — nyumba za nguzo zile zile nilizozipiga picha. Wazee wa Chato hawajambo? Nikasema hawajambo. Sijawahi kuwaona!

"Hata mimi bado," akasema, akainamisha macho. "Kila mwaka ananiambia mwakani. Wewe wifi ungenisemea."

Akaja binti mdogo, akapiga goti. Nyusi za Davis, kabisa.

"Shikamoo shangazi."

Nikaitika. Ningefanyaje?

Naandika hapa sebuleni kwao. Mama Juliana yuko uani anakimbiza kuku — wangu huyo, wa wifi. Simu yangu inaita mezani. Imekatika. Inaita tena. Juliana ameiokota, ameona picha kwenye kioo, anaruka-ruka.

"Shangazi, ni baba! Nipokee?"