Atichoki za Griffins

Pap Onditi, 2 Machi 2024

Mwanangu Kageha,

Hamjambo huko kwenu Vihiga? Mjukuu wangu Debra amepona kikohozi? Sisi tu wazima, ila goti langu linanikumbusha umri. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii husikilizwa na wote.

Nimegundua kwa nini atichoki za marehemu mumeo Griffins zilitoa majani mapana bila tumba hata moja, na kwa mboga hii tumba la ua ndilo huliwa. Mmea huu ni wa nchi za baridi. Usipoonja baridi ukiwa mchanga, haujui kwamba wakati wa kuchanua umefika. Basi mbegu alizoacha nimezilaza katika mchanga wenye unyevu ndani ya mkebe, na mkebe uko kwenye boksi la barafu la dada yangu Dorca, kando ya samaki wake wa mbuta wa kuuza. Wateja wakimwuliza, anawajibu, "Hao ni wagonjwa wa kaka yangu Mwalimu."

Wazee wanasema mjane hatii mbegu ardhini kabla ya kurithiwa na ndugu wa mumewe. Nimewaambia utapanda katika shamba la Griffins bila kurithiwa na yeyote. Rudi nyumbani kabla mvua haijashika.

Baba mkwe wako

Vihiga, 17 Machi 2024

Baba,

Pole kwa goti. Debra amepona, anauliza kama jogoo wako bado anamfukuza Shangazi Dorca.

Barua yako niliisoma nikalia. Lakini hayo umesema wewe. Shemeji Calvince na ndugu zake je? Nikipanda leo, ndama akifa kesho, nitaambiwa ni mimi. Wakikubali wote, nitakuja na jembe langu.

Mwanao, Kageha

Pap Onditi, 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Natumai mvua huko ni ya kiasi. Hapa imezidi.

Nimewakalisha wanangu zaidi ya mara moja. Calvince alisema, "Mzee, sisi tunakuheshimu. Lakini mwiko ukivunjwa, laana ya chira haimwandami aliyesoma. Inaandama watoto wetu." Hakuna ndugu aliyempinga.

Mbegu iliyochipua haingoji kikao. Mizizi ilianza kuoza. Jana nilizipanda mwenyewe, bila jembe lako.

Unajua napenda kufafanua mambo. Hili sitalifafanua.

Baba mkwe wako

Vihiga, 9 Juni 2024

Baba,

Nakusalimu, na Debra anakusalimu. Nilielewa.

Kuna mwanamume hapa anaitwa Walubengo, fundi wa mashine za kusaga. Ameniomba tuoane. Ni mpole kwa mtoto. Sijamjibu. Nitamjibuje na wewe bado unaniita nyumbani?

Mwanao, Kageha

Pap Onditi, 24 Novemba 2024

Kageha,

Hamjambo nyote? Mimi natembea kwa bakora, lakini natembea.

Atichoki zimetoa matumba makubwa kama ngumi. Nilichemsha moja nikalila peke yangu jikoni, kwa chumvi. Nyama yake ni kidogo sana ukilinganisha na kazi yake. Sikuweza kumaliza.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, nilijikuta nakuita tena. Barua hii haikuiti. Mjibu Walubengo. Watu wa hapa nimewaambia kwamba aliyekuruhusu ni mimi, na mwenye neno aje kwangu. Huko uendako, panda unachotaka, siku unayotaka.

Kwako naomba jambo moja tu. Mtoto asikue akidhani kwamba nilikuacha uende kwa sababu sikuwataka.

Babu yake Debra